Hofu, Lugha na Barabara: Somo la Kutembea Chaussée d'Ixelles



Familia zinazofika Brussels hutuuliza maswali mawili kabla hata mabegi hayajafunguliwa. La kwanza: "Huku ni salama?" La pili: "Nitaongeaje na watu?" Nimefanya kazi ya kusindikiza familia kwa miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa mkimbizi kama ninyi. Ninaona kwamba maswali haya mawili yanakwenda pamoja. Asiyeelewa kinachosemwa karibu yake huona hatari mahali ambapo hakuna. Na huyohuyo anaweza kuikosa hatari ya kweli, kwa sababu onyo lilitolewa kwa lugha asiyoijua.

Jambo hili si dogo. Wapo akina mama wanaokaa miezi mingi bila kutoka peke yao hata kwenda dukani. Wapo akina baba walioibiwa wakanyamaza, kwa kuwa hawakujua waanzeje kusema polisi. Wapo watoto wa miaka kumi wanaowatafsiria wazazi wao mbele ya daktari mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Somo hili limeandikwa kwa ajili yao.

Tutatumia barabara moja kama darasa letu: Chaussée d'Ixelles, inayoanza Porte de Namur na kuteremka hadi Place Flagey. Mwisho wa somo utaweza:

- kutofautisha hofu na hatari;
- kusoma majina ya mahali katika lugha mbili;
- kujua la kufanya ukisimamishwa na polisi au ukiibiwa;
- kuomba mkalimani bila aibu.

1. Wageni wawili, barabara moja

Fikiria wageni wawili wanaotoka kituo cha metro cha Porte de Namur saa moja. Wa kwanza ni mtalii kutoka nchi ya jirani. Anaona vijana wamesimama mbele ya saluni wakiwaita wapita njia waje kusukwa nywele. Anasikia muziki na watu wakizungumza kwa sauti kubwa kwa lugha asiyoijua. Anaukumbatia mkoba wake na kuharakisha. Jioni atawaambia wenzake kwamba mtaa ule unatisha.

Wa pili ni shangazi aliyetoka Bukavu kutembelea watoto wa kaka yake. Anasikia Kilingala na Kiswahili, anaona sombe, ndizi na samaki wakavu, na anasema: "Kumbe hapa ni nyumbani!" Lakini mpeleke shangazi huyohuyo katika mtaa wa kimya wa Uccle saa mbili usiku. Hakuna mtu nje, mapazia yamefungwa. Sasa ni zamu yake kuogopa: "Watu wako wapi? Kumetokea nini?" Kule tulikotoka, mtaa mtupu ni dalili kwamba kuna jambo. Huku, mtaa mtupu maana yake watu wako mezani wanakula.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja alisoma barabara kwa macho ya kwao. Kwa hiyo ndugu yako wa Marekani au wa Kigoma akikupigia simu na kukuambia alichosikia kuhusu Brussels, msikilize kwa heshima, kisha nenda ukaone mwenyewe, mchana, pamoja na mtu anayeijua njia.

Sisi tuliokimbia vita tuna jambo la ziada. Baada ya mashambulizi ya 22 Machi 2016 katika uwanja wa ndege wa Zaventem na kituo cha metro cha Maelbeek, yaliyoua watu 32, wanajeshi walionekana kila siku katika vituo na mitaa ya Brussels. Wakazi wengi walipoona bunduki zile walijisikia kulindwa. Wengine wetu tuliziona, na miguu ikataka kukimbia. Hata leo utakutana na polisi wenye silaha karibu na vituo vikubwa na majengo ya Umoja wa Ulaya. Mwili ukishtuka, usijilaumu. Mwili una kumbukumbu yake. Ila uupe maswali matatu:

- Kuna mtu anayenifuata au kunigusa, au ni sauti na sura tu?
- Watu wengine wanafanya nini? Wanakimbia, au wanaendelea na safari zao?
- Nikitaka kuondoka, naingia wapi? Duka gani liko wazi, basi liko wapi?

Jibu la tatu ndilo linalotuliza zaidi. Mtu anayejua mlango wa kutokea haogopi sana chumba.

2. Hatari zenyewe

Tusidanganyane, hatari zipo. Lakini mara nyingi hazifanani na zile tunazoziogopa.

*Magari na tramu.* Tangu 1 Januari 2021, kasi katika mitaa mingi ya Brussels ni kilomita 30 kwa saa. Hata hivyo angalia pande zote mbili, na uangalie baiskeli na trotineti zinazopita kimya. Ukifika Flagey utakutana na tramu. Kwa sheria ya Ubelgiji, katika kivuko kisicho na taa mtembea kwa miguu ndiye anayepaswa kuisubiri tramu ipite. Tramu haiwezi kukwepa wala kusimama ghafla. Wafundishe watoto jambo hili kabla ya lingine lolote.

*Wezi wa mifukoni.* Hupenda msongamano: mlango wa metro, ngazi, basi la 71 saa za jioni, vituo vikubwa vya treni. Mbinu yao ni kukushughulisha. Mmoja anakuuliza njia huku amekunjua ramani, au anadondosha kitu mbele yako, na mwenzake yuko nyuma. Simu isikae mfuko wa nyuma. Mkoba ufungwe na ukae mbele.

*Simu yako.* Huyu ndiye mwizi asiyekuona. Anapiga au anaandika akijifanya benki, au akijifanya mtoto wako mwenye "namba mpya". Anataka nambari zako za siri. Benki ya kweli haikuombi nambari ya siri ya kadi kwa simu, hata siku moja. Ukipata ujumbe wa kutiliwa shaka, usibonyeze kitu. Unaweza kuutuma kwa suspect@safeonweb.be, kisha uufute.

*Usiku wa manane.* Karibu na baa, pombe huleta ugomvi. Ukiona watu wanasukumana, vuka barabara. Huna la kupatanisha pale.

3. Barabara moja, majina mawili

Tazama kibao cha barabara. Utasoma Chaussée d'Ixelles na hapohapo Elsensesteenweg. Si barabara mbili. Brussels yenye komini zake 19 ni eneo la lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi (ambacho wengi wetu tunakiita Kiflama), na kila jina huandikwa mara mbili. Porte de Namur ni Naamsepoort. Ixelles ni Elsene. Ukitumiwa anwani kwa jina usilolijua, usiseme umepotea. Huenda umeshafika.

Kuna na matamshi. Herufi x katika *Bruxelles* wenyeji huitamka kama s: "Brusel". Katika *Ixelles* huitamka ks: "Iksel". Ni jambo dogo, lakini siku utakapopiga simu ya dharura, mtu wa upande wa pili anatakiwa kuelewa uko wapi mara ya kwanza.

Angalizo lingine: Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre zote zinaanzia Porte de Namur, na zinakwenda zikiachana kidogo kidogo. Kusema "niko kwenye chaussée karibu na Matonge" hakutoshi. Taja jina zima, nambari ya nyumba iliyo karibu nawe, na komini. Msimbo wa posta wa Ixelles ni 1050.

4. Ukipanda treni, lugha inabadilika

Wageni wengi hulalamika: "Nilikwenda Leuven, nikauliza kwa Kifaransa, wakanijibu kwa lugha nyingine. Wananidharau." Huenda si dharau. Ubelgiji ina lugha tatu rasmi: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Mpaka wa lugha uliwekwa kisheria mwaka 1962 na 1963, baada ya ugomvi wa miaka mingi. Ofisi ya serikali upande wa Flanders inafanya kazi kwa Kiholanzi, na sehemu kubwa ya Wallonia kwa Kifaransa. Brussels, ofisi ya komini inapaswa kukuhudumia kwa mojawapo ya hizo mbili, kwa chaguo lako.

Sisi tunapaswa kulielewa hili kuliko watalii. Mtu akivuka kutoka Uvira kwenda Kigoma, lugha ya ofisi inageuka kutoka Kifaransa kuwa Kiswahili na Kiingereza, ingawa ziwa ni lilelile.

Katika treni, matangazo hufuata mpaka huo. Ukiwa Brussels utayasikia kwa lugha mbili. Treni ikielekea Leuven, kitabaki Kiholanzi. Ikielekea Namur, kitabaki Kifaransa. Na majina ya miji yanageuka pia:

- Liège ni Luik
- Mons ni Bergen
- Tournai ni Doornik
- Anvers ni Antwerpen
- Malines ni Mechelen
- Lille ya Ufaransa ni Rijsel

Mtego mkubwa ni *Louvain*. Kwa Kifaransa hilo ni jina la Leuven, mji wa Flanders. Lakini *Louvain-la-Neuve* ni mji mwingine kabisa, upande wa Wallonia. Ulijengwa baada ya mgogoro wa lugha wa 1968 kukigawa chuo kikuu cha Leuven sehemu mbili. Mwenye miadi ya hospitali Leuven akipanda treni ya Louvain-la-Neuve, siku yake imekwisha. Mwonyeshe mfanyakazi wa stesheni karatasi yenyewe. Kuuliza si ujinga.

5. Matonge: lugha ya nyumbani pia inaweza kuogopesha

Kati ya Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre kuna Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Galerie d'Ixelles inaunganisha barabara hizo mbili, na ndani yake kuna saluni na maduka. Hapo karibu, 30 Juni 2018, jiji la Brussels lilizindua uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba.

Kwa wengi wenu, hapa ndipo pumzi inashuka. Unapata unga, mawese, fundi wa nywele, na mtu wa kukuambia duka gani ni la bei nafuu. Lakini kuna familia zinazoniambia kwa sauti ya chini kwamba zinaogopa Matonge kuliko mtaa wowote wa Wabelgiji. Ni wale wanaozungumza Kinyamulenge au Kinyarwanda, na wanahofia kuulizwa: "Wewe ni wa wapi hasa?" Wengine ni wa Mashariki wasiojua Kilingala, wanaojiona wageni mara mbili. Vita ya kule inapopamba moto, maneno hupamba moto na huku, na mara nyingine watu huandamana mitaani.

Nasema wazi: hofu hii msiicheke. Na anayewajibisha jirani yake kwa vita ya nchini kwa sababu ya lugha yake, anafanya kosa hapa. Sheria ya Ubelgiji ya 30 Julai 1981 inakataza uchochezi wa chuki kwa misingi ya rangi, asili au kabila. Ukitukanwa au kutishwa kwa sababu hiyo, na Mzungu au na Mwafrika, unaweza kwenda polisi, na unaweza kupiga simu bure Unia, 0800 12 800. Ukikuta maandamano na hukuja kwa ajili yake, pita njia nyingine.

Kwa walio wengi: mkimsikia mtu anaomba ndizi kwa Kiswahili cha kusitasita, msaidieni. Tulilala chini ya mahema yaleyale.

6. Polisi wakikusimamisha

Kila mtu kuanzia miaka 15 anapaswa kutembea na kitambulisho chake, na kwetu hiyo ni kadi ya ukaazi. Picha ndani ya simu haitoshi. Polisi wakikusimamisha:

- Simama, salimia: *Bonjour*. Mikono ionekane. Sema kwanza kwamba unatoa kadi, kisha itoe.
- Unaruhusiwa kuuliza sababu kwa adabu: *Pourquoi, s'il vous plaît?* (purkwa, sil vu ple). Polisi asiyevaa sare anapaswa kukuonyesha kitambulisho chake cha kazi.
- Hapa polisi haombwi wala hapewi pesa mkononi. Usijaribu "kumalizana" naye. Hilo lenyewe ni kosa.
- Ukihojiwa, una haki ya kusema kwa lugha yako mbele ya mkalimani, bila wewe kumlipa. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.
- Ukiona umetendewa vibaya, andika siku, saa na mahali, kisha tuletee. Kuna chombo kinachosimamia polisi, kinaitwa Comité P, na kinapokea malalamiko.

Ukiibiwa, nenda kituo chochote cha polisi. Kabla ya kuondoka omba karatasi ya kuthibitisha malalamiko yako, yenye nambari ya PV, kwani bima na ofisi ya komini wanaweza kuihitaji. Huhitaji kumjua mwizi ndipo ushtaki. Na kwenda polisi kama mtu aliyeibiwa hakuondoi hadhi yako ya ukimbizi. Uvumi huo umezunguka sana, uacheni.

7. Mkalimani ni haki, mtoto si mkalimani

Hospitali, shule, CPAS na komini wanaweza kuomba mkalimani wa kijamii. Sema mapema, unapochukua miadi, si siku ya miadi. Taja lugha yako kwa usahihi. Anayesema "Kiafrika" au "Kikongo" tu anaweza kuletewa mtu wa lugha nyingine kabisa. Sema *swahili*, na useme ni cha Kongo, cha Burundi au cha Tanzania.

Mtoto akitafsiri dukani, hakuna neno. Akitafsiri kwa daktari, polisi au wakili, tumembebesha mzigo. Atakosea, au atasikia yasiyomfaa, au ataficha ili asikuumize. Na ukiwa na jambo la siri ndani ya nyumba, mume asimtafsirie mke wala mke asimtafsirie mume.

Wakati huohuo, jifunze. Tangu 1 Juni 2022 programu ya mapokezi na lugha ni ya lazima Brussels kwa wageni wengi wapya wa miaka 18 hadi 64, nayo ni ya bure. Utachagua Kifaransa au Kiholanzi. Anayepika au kulea nyumbani anaweza kuanza kwa simu kupitia Brulingua, masomo ya bure ya Actiris.

8. Bandika hii mlangoni

- 112: gari la wagonjwa na zimamoto. 101: polisi. Ni bure hata simu ikiwa haina salio. Anza kwa kusema mahali, kisha tatizo.
- 078 170 170, Card Stop: kufunga kadi ya benki iliyopotea.
- 00800 2123 2123, Doc Stop: kufunga kadi ya ukaazi iliyopotea.

Maneno ya kukariri kwa Kifaransa:

- *Au secours!* (o sekur): Nisaidieni!
- *Je ne comprends pas* (je ne kompran pa): Sielewi.
- *Plus lentement, s'il vous plaît* (plu lantman, sil vu ple): Polepole, tafadhali.
- *On m'a volé mon sac* (on ma vole mon sak): Nimeibiwa mkoba wangu.
- *J'ai besoin d'un interprète swahili* (je bezwen den enterpret swahili): Nahitaji mkalimani wa Kiswahili.

Kwa Kiholanzi: *Ik begrijp het niet* (ik bekhreip het nit): Sielewi. *Kunt u mij helpen?* (kunt u mai helpen): Unaweza kunisaidia?

Zoezi la wiki

Mchana mmoja, nenda Porte de Namur na mtu mmoja wa nyumbani. Teremka Chaussée d'Ixelles kwa miguu. Ukifika Place Fernand Cocq utaona ofisi ya komini ya Ixelles, katika nyumba iliyowahi kuwa ya mwimbaji Maria Malibran. Ingia, uone mapokezi yalivyo. Endelea hadi Flagey, kwenye jengo la zamani la redio linalofanana na meli, na mabwawa yaliyo karibu nalo. Rudi kwa basi la 71. Wiki inayofuata, fanya safari ileile peke yako, huku mwenzako akijua saa utakayorudi.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni mahali gani Brussels unapaogopa? Uliwahi kupaona mwenyewe, au uliambiwa?
2. Ukianguka sasa hivi ulipo, ungeeleza vipi kwa simu uko wapi?
3. Nani nyumbani hajatoka peke yake mwezi huu? Atatoka na nani wiki hii?
4. Watoto wamekutafsiria nini hivi karibuni? Je, lilikuwa jambo la mtoto?

Jibu la swali la tatu mtuletee ofisini. Kama hakuna wa kutoka naye, tutamtafutia mtu.